Nyuma ya Mazungumzo

Habari ya kifo chake ilinikuta jikoni kwangu hapa Soweto ya Moshi, nachambua maharage, redio ikiongea peke yake juu ya friji. Mtangazaji alisema kwamba aliyekuwa Makamu wa Rais wa nchi ile ya ng'ambo ya ziwa amefariki dunia baada ya kuugua kwa muda mrefu, na kwamba miaka mingi iliyopita aliondolewa madarakani kwa kutofautiana na Rais wake juu ya namna ya kumaliza vita. Akavuta pumzi, akaingia kwenye michezo. Nilibaki na ungo mapajani. Kutofautiana! Watu hutofautiana juu ya chumvi kwenye mboga. Binti yangu, ambaye anaamini maisha yangu yalianza siku aliyozaliwa yeye, aliniuliza kama nilikuwa namfahamu marehemu. Nikamwambia namfahamu sana, alikuwa anapenda mtori wa ndizi, mzito, usio na nyama nyingi, na siku moja aliniuliza swali nikamjibu "ndiyo" kabla hajamaliza kuuliza. Binti akacheka, akadhani ni moja ya hadithi zangu. Nikaendelea na maharage, lakini mawe yote niliyaacha humo humo, na usiku tuliyatafuna.

Wanaoandika maisha yao hupenda kuanzia kwa babu, ukoo na shamba la kihamba alimozikwa nani. Sina ugomvi nao. Mimi naanzia kwenye chumba nilichopanga Pasua nikiwa na miaka ishirini na minne, nimemaliza chuo kikuu, nina shahada ya Kifaransa ambayo hakuna mtu Moshi nzima aliyekuwa ameiulizia. Jirani zangu walikuwa wauza mitumba na vitunguu, wakinionea huruma ya kweli. Ndipo akaja Jaji mmoja mstaafu, mzee mpole wa kutoka Dar es Salaam, aliyeteuliwa kuwa mpatanishi wa vita ya hao majirani zetu. Serikali yao ilitoka upande wa magharibi ambako watu hawasemi Kiswahili, wanasema Kifaransa na lugha zao. Waasi walitoka mashariki wanakosema Kiswahili, nao walikataa katakata kusema Kifaransa mbele ya watu waliowapiga mabomu kwa Kifaransa. Jaji alikuwa anatafuta mtu anayejua lugha zote mbili, asiye na maneno mengi. La kwanza alilipata.

Mazungumzo yalifanyika kijijini Kilema, kwenye nyumba ya masista ya kufanyia mafungo, juu kidogo ya njia, katikati ya migomba na kahawa. Wakubwa walikuwa wameichagua kwa sababu haikuwa hoteli, haikuwa na waandishi wa habari, na ilikuwa na mabawa mawili yanayotazamana, bustani ikiwa katikati. Serikali ilikaa bawa la juu, waasi la chini. Mimi nilipewa chumba cha mashuka. Kilikuwa chembamba, kina rafu hadi darini, meza ya kupigia pasi ambayo nusu yake ilikuwa ya taipureta yangu, na harufu ya sabuni ya mche na makaa ambayo hadi leo nikiikuta mahali popote nakaa wima kama mtu anayesubiri kuitwa. Nje ya mlango wake, ukutani mwa korido, ndipo ilipokuwa simu pekee ya nyumba. Ilikuwa ya kupitia kwa opereta, na kwa nchi za nje masista walikuwa wamepangiwa Jumatano na Jumamosi, saa nne asubuhi. Aliyezungumza kwenye simu ile alikuwa anazungumza sikioni mwangu, atake asitake.

Mwenye nyumba alikuwa Sista Honorata, mama wa Kilema hapo hapo, mfupi, mpana, mwenye imani kubwa kwa Mungu na ndogo kwa wanasiasa. Siku ya kwanza serikali ilisema haiwezi kula pamoja na wauaji, na waasi wakasema vivyo hivyo, kwa maneno yale yale, nami nikayatafsiri huku na huku nikiona aibu. Sista akawaambia nyumba yake ina meza moja tu ya kulia, naye haendi kuchonga nyingine. Basi serikali wakala saa sita na waasi saa saba, kwenye meza ile ile, kutoka sufuria lile lile. Kwetu mwenye nyumba huonja mbege, pombe yetu ya ndizi, kabla ya kumpa mgeni, ili mgeni ajue haina kitu kibaya, na Sista aliihamishia desturi hiyo kwenye mtori. Kila mchana alisimama mbele yao na kijiko chake cha mti, akaonja, akameza, akafuta mdomo, akasema, "Karibuni, sijafa." Alifanya hivyo mara mbili kwa siku kwa miezi minane, na akanenepa.

Serikali iliongozwa na wakubwa wawili, na haikunichukua muda kugundua kwamba vita kubwa zaidi ilikuwa kati yao. Makamu wa Rais alikuwa mzee mrefu, mwenye kikohozi, aliyewahi kuwa mwalimu wa Rais mwenyewe shuleni. Yeye aliamini kwamba watu waliopigana miaka saba bila mshindi wana jambo moja tu lililobaki kufanya. Jenerali alikuwa mtu wa Rais, mdogo kwa umri, nadhifu, mwenye adabu kuliko wote. Aling'arisha viatu vyake mwenyewe kila asubuhi barazani na kumsalimu kila mpishi kwa "Shimbonyi" aliyofundishwa na Sista. Ingekuwa rahisi kusema alikuwa mtu mbaya. Hakuwa. Hoja yake ilikuwa kwamba kila mwezi wa maneno ni mwezi wa waasi kupata bunduki mpya, kwamba mvua za kwao zikianza magari hayatapita, na kwamba pigo moja kali sasa lingeokoa vifo vya miaka mitano. Niliyasikia haya mezani, kwenye korido na chini ya dirisha langu, na kuna siku yalinishawishi. Makamu alikuwa akimjibu neno moja tu: "Ulisema hivyo mwaka juzi."

Na Rais alikuwa kwenye simu. Jumatano alizungumza na Jenerali, Jumamosi na Makamu, kana kwamba anaongoza nchi mbili. Nilikuwa nasikia upande mmoja tu, lakini upande mmoja unatosha. Kwa Jenerali yalikuwa majibu mafupi. Kwa Makamu yalikuwa marefu, na mara nyingine sauti ya mwalimu ilirudi: "Kaa chini unisikilize. Najua umekaa. Kaa vizuri." Mara moja nilimsikia akisema, "Ukiwamaliza hawa, watoto wao utawafanyaje? Utawaandikia barua?" Akaweka simu chini, akaingia chumbani kwangu bila kubisha, akakaa kwenye benchi la mashuka machafu na kukohoa kwa muda mrefu. Nilimpa maji. Akaniuliza kama mtori ungewezekana asubuhi ile, nami nikaenda kumwombea kwa Sista.

Kiongozi wa waasi tulimwita Daktari. Alikuwa daktari wa mifugo kabla ya vita, mtu mkimya mwenye mikono mikubwa, ambaye kila kikao kikiahirishwa alishuka kwenye zizi la masista kumtazama ng'ombe wao mwenye mimba. Kiswahili chake kilikuwa cha upande wa kwao. Alisema "muntu" na "muji", alisema "mama iko nyumbani", na maneno aliyapanga kwa namna iliyonikwaruza. Hapa lazima niseme ukweli juu yangu, kwa sababu ndio chanzo cha yote. Kiswahili si lugha ya mama yangu. Nimezaliwa kwenye Kichagga, na chuoni wenzangu wa pwani walinicheka lafudhi mpaka nikaacha kunyoosha mkono darasani. Nilijifunza Kiswahili sanifu kama mtu anayefunga mlango kwa komeo. Basi nilipompata mtu wa kumcheka mimi, nilimcheka. Si mbele yake, ila jioni nikiandika kumbukumbu za kikao, nilikuwa nasahihisha sentensi zake kama mwalimu mwenye kalamu nyekundu, na nilijiona ninamsaidia.

Mwezi wa Septemba Jaji aliitwa Dar, mkewe akiwa mgonjwa, na vikao vikaahirishwa hadi Jumatatu ya wiki iliyofuata. Kabla hajaondoka aliwaomba waasi waandike msimamo wao wa mwisho juu ya silaha, kwani hapo ndipo kila kitu kilipokuwa kimekwama. Serikali ilitaka waweke silaha chini kwanza, waasi walikuwa hawajasema watafanya nini wala lini. Barua yao ililetwa Jumanne mchana, ukurasa mmoja, mwandiko wa Daktari mwenyewe. Nilikaa nayo kwenye meza ya pasi. Ilianza hivi: "Nyuma ya miaka saba ya vita, watu wetu wamechoka." Nikaandika kwa Kifaransa kwamba nyuma yao kuna miaka saba ya vita na watu wamechoka. Ilisomeka vizuri. Mwishoni palikuwa na sentensi yenyewe: "Silaha zetu tutaziweka nyuma ya mazungumzo." Kifaransa hakina huruma mahali hapo. Nyuma ya nyumba ina neno lake. Nikaandika kwamba silaha zao wataziweka nyuma ya mazungumzo, kama mtu anayeongea nawe huku amesimamisha mwenzake mwenye panga mgongoni. Nakumbuka nilivyoridhika. Niliona nimeitunza tamathali yake.

Jumatano saa mbili, kwenye kifungua kinywa, Jenerali aliisoma kwa sauti. Makamu aliweka kijiko kwenye sahani.

"Rudia hapo," alisema.

Jenerali akarudia. "Wanasema wenyewe, Mheshimiwa. Tuzungumze, na bunduki ziwe nyuma ya mazungumzo. Mimi sijaongeza kitu."

"Mtu huyu hajawahi kutoa vitisho. Miezi minane hajatishia hata nzi. Nitavuka bustani nimuulize."

"Rais amekataza kuongea nao bila mpatanishi kuwepo. Na mtu aliyekutishia ukienda kumwomba arudie, atarudia."

Hapo ndipo Makamu aliponigeukia. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la maziwa. "Binti, una uhakika na sentensi hii? Ni wewe unayejua, sisi wote hapa ni vi—"

"Ndiyo, Mheshimiwa," nikasema. Neno "vipofu" hakulimaliza. Nimeishi na hiyo "ndiyo" miaka mingi kuliko nilivyoishi na mume wangu. Sikuwa na uhakika. Nilikuwa na shahada.

Saa nne simu ililia, Jenerali akapokea, akamsomea Rais sentensi yangu mara mbili. Kisha akawa anasema "ndiyo" tu, za kijeshi. Mchana ule mezani Jenerali alimwambia Makamu, mbele yangu, kwamba Rais atatoa uamuzi wake Jumamosi, na Makamu akasema Jumamosi ni zamu yake ya kuongea, na atamwomba angoje Jaji arudi. Nilitafsiri hali ile moyoni mwangu kuwa ni mambo ya wakubwa. Nikapiga pasi blauzi yangu ya kuvaa Jumapili.

Ijumaa asubuhi ng'ombe alishikwa na uchungu. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, na Sista alikuwa ameanza rozari, kwa sababu daktari wa mifugo wa karibu alikuwa Marangu na hakupatikana. Basi akaenda bawa la chini akamchukua Daktari kwa mkono kama mtoto, bila kumwomba ruhusa mtu yeyote. Nilishuka nao kushika kamba. Daktari alivua shati, akanawa hadi mabegani, akampapasa ng'ombe tumbo, akatoa maagizo taratibu, kwamba aletewe majani makavu, mafuta ya kula, na ndoo ya maji ya moto yenye chumvi. "Ile maji ya moto, Sista, mutaweka nyuma ya ndama," alisema, akapiga magoti.

Miguu ya mbele ya ndama ilipochomoza tu, Sista alikuja mbio na ndoo, akajipenyeza kati ya ukuta na Daktari, akaitua pale pale nyuma, alipokuwa anatarajia ndama ataangukia. Daktari alirudisha mguu kujipa nguvu ya kuvuta, akaukita ndani ya ndoo. Alipiga kelele, ng'ombe naye akapiga kelele, Sista akasema, "Yesu na Maria!"

"Hapana, Sista! Nimesema nyuma ya ndama!"

"Si nimeweka nyuma? Ulitaka niiweke mbele?"

"Hapana, mama! Ndama kwanza! Ndama atoke, alambwe, asimame. Nyuma yake ndiyo maji, mama yake anywe. Nyuma, nyuma!" Alikuwa anacheka na kuumia kwa wakati mmoja. Ndama alitoka akiwa amelowa, mweupe miguuni. Sista aliporudi na ndoo ya pili alinikuta nimeshika kamba ambayo haikuwa tena na kazi.

Hakuna haja ya kueleza nilichoelewa. Nilikwenda moja kwa moja chumba cha mashuka, nikaitoa nakala ya barua, nikaisoma tena kwa sauti ya Daktari, si kwa yangu. Baada ya miaka saba ya vita, watu wetu wamechoka. Silaha zetu tutaziweka baada ya mazungumzo. Kuziweka, kuziweka chini. Alikuwa amekubali. Hicho ndicho serikali ilichokuwa inakiomba tangu Februari, na kilikuwa juu ya meza yangu tangu Jumanne.

Nataka kusema nilikimbia kwenda kuungama. Sikukimbia. Nilikaa pale mpaka kengele ya saa sita, na yote niliyoyawaza yalikuwa juu yangu mimi: watanifukuza, Jaji ataona aibu, wale wa chuoni watasikia. Niliwaza hata kuiacha ipite, kwa kuwa Jaji angerudi Jumatatu na mtu mwingine angeligundua kosa. Sista alinikuta na sahani ya kiburu haijaguswa, ndizi na maharage vimeganda. Nikamwambia yote. Nikamalizia kwa kusema maji yakimwagika hayazoleki.

"Hayazoleki," akasema Sista. "Lakini ndoo si unaweza kuinua? Au nayo uiache imelala? Inuka, mwanangu. Nawa uso kwanza."

Niliwakuta wakubwa wote wawili barazani, kwenye chai ya saa kumi. Nilisema nikiwa nimesimama, kwa Kifaransa, na ilikuwa mara ya kwanza Kifaransa changu kunipotea. Jenerali alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole nilikaa zizini na Daktari kwa muda gani. Niliposema saa mbili, akamtazama Makamu. "Jumatano alikuwa na uhakika," alisema. "Leo ametoka kuwa na mtu huyo, uhakika umegeuka."

Makamu aliomba barua. Alitaka nimsomee mstari wa kwanza kwa Kiswahili, neno kwa neno, na kila neno nimwambie maana zake zote, za kwetu na za kwao. Nikamweleza jinsi nilivyoongeza neno "yao" ambalo halikuwemo ili sentensi isimame. "Kwa hiyo ulihisi haisimami," alisema. "Na Jumatano ulisema ndiyo."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Ndiyo ya leo na ya Jumatano zinafanana sana sauti." Hakunikasirikia, na hilo liliniuma zaidi. Alikunja barua, akaitia mfukoni. "Mimi naiamini ya leo, kwa sababu ya leo inakugharimu."

Jumamosi saa nne nilikuwa kwenye kiti changu. Simu ililia, Makamu akaipokea, akaeleza kila kitu polepole kama anayefundisha. Halafu akasikiliza. Kisha akasema, "Lini?" Na baada ya hapo, "Kwa hiyo Jumatano ulikuwa umeshaamua. Ulichotaka kwetu ni sentensi tu." Sikusikia jibu. Alisema kwa sauti ya chini kabisa, "Nilikufundisha kusoma, bwana mdogo. Najuta sana," akaweka simu. Aliingia, akakaa kwenye benchi la mashuka. Aliniambia jeshi lilianza safari Alhamisi, kwamba kwa barabara zile litafika mji wa akina Daktari kati ya Jumatano na Alhamisi, na kwamba ndege zingeweza kufika wakati wowote zikiagizwa. Mji ule ulikuwa umejaa wakimbizi wa vijiji vyote vya jirani. Nilianza kulia, akaninyamazisha kwa mkono. "Angetafuta sentensi nyingine," alisema. Nimejitahidi sana kuliamini neno hilo. Kuna miaka naliamini na kuna miaka siliamini, na mwaka huu siliamini.

"Twende," akasema. "Utanitafsiria."

"Mheshimiwa, Daktari anajua Kifaransa."

"Najua anajua. Nataka alisikie kwa Kiswahili. Chake, si chako. Na usisahihishe kitu."

Tukavuka bustani mchana kweupe, mzee mrefu na mimi, mbele ya madirisha yote. Daktari alikuwa amekaa chini ya dirisha la bawa lake, mguu ukiwa umefungwa kitambaa cha Sista. Makamu alisema sentensi fupi fupi, nami nikazisema moja moja kwa Kiswahili cha watu wa mashariki jinsi nilivyokuwa nimekisikia miezi minane: kwamba jeshi liko njiani, kwamba muji uondoke, watu wote, wavuke mto, na kwamba jioni ile kwenye redio ya upepo, waliyozungumza nayo na watu wao, aseme hivyo bila kutaja jina la aliyemwambia. Nilipomaliza, niliongeza yangu. Nilimwambia ni mimi niliyeharibu barua yake, na neno lenyewe. Aliniangalia. Nilikuwa tayari kwa tusi lolote.

"Mama yangu iko kule," alisema. "Miguu yake haina nguvu."

Aliinuka, akachechemea kwenda ndani kwenye redio.

Tuliporudi, Jenerali alikuwa amesimama barazani na kitambaa cha viatu mkononi. Alikuwa ameona kila kitu. Mtu hawezi kuvuka bustani ile bila kuonekana, na Makamu hakujaribu kujificha. Walitazamana, wakubwa hao wawili, na nilielewa kwamba mmoja wao sasa alikuwa msaliti wa nchi yake na mwingine ndiye shahidi.

"Nitalazimika kumwarifu Rais," Jenerali alisema.

"Najua," Makamu akajibu.

Jenerali akanigeukia mimi. "Simu ya masista ya nchi za nje, zamu inayofuata ni lini?"

"Jumatano, Jenerali. Saa nne."

Gari lake lilikuwa uani, tangi limejaa, na posta ya Moshi, yenye simu ya nje kila siku, ilikuwa mwendo wa saa moja. Alilijua hilo kuliko mimi. Alikunja kitambaa mara mbili, akakitia mfukoni.

"Basi Jumatano," alisema, akaenda kumuuliza Sista kama mtori umebaki.

Jumatano saa nne alimwarifu Rais kila kitu bila kupunguza neno. Makamu aliitwa nyumbani siku ile ile. Sista alimfungia mkungu wa ndizi ambao ndege isingemruhusu, naye akaupokea kwa mikono miwili na kusema "Aika mbe," asante ya Kichagga, akimwita Sista kama mtu anavyomwita mzee wa kiume. Hakuna aliyemsahihisha. Jeshi liliingia kwenye mji mtupu, likauchoma. Vita viliendelea miaka mingine miwili, na vilimalizwa kwenye meza nyingine, na wakalimani wengine. Mimi nilirudi Pasua. Sikuwa naweza kupita karibu na redio.

Mwezi wa Desemba Sista alinitumia ujumbe nipande Kilema. Barua ilikuwa imefika kwa mkono wa padri aliyetoka huko. Tulikaa jikoni, ndama akilia nje, amekuwa mkubwa. Nikaisoma kwa sauti. Daktari alisema watu wa muji wao walivuka, kwamba vijana wanne walibeba mama yake juu ya kitanda siku tano, na kisha mstari mmoja: "Tulifika ng'ambo. Mama amepumzika."

Sista alipeleka mkono kwenye paji la uso kuanza ishara ya msalaba. Nami nilikuwa nimeshaelewa vivyo hivyo, kwa sababu kwetu mtu aliyepumzika tunajua amelala wapi. Nilimshika mkono ukiwa bado hewani.

"Ngoja, Sista," nikamwambia. "Hatujui. Tumuulize kwanza."

Tuliandika swali letu hapo hapo, mstari mmoja. Jibu lilichukua miezi minne. Lilinikuta posta ya Moshi, nikalifungua nikiwa kwenye foleni, watu wakinisukuma nisogee. Daktari alikuwa ameandika: "Mama iko muzima. Alipumzika siku mbili, sasa anagombana na majirani. Anauliza ni nani huyo alitaka kumuzika." Nililia kwa sauti pale kwenye foleni, na karani wa stempu akanipa kiti.